Binadamu Hasafirishwi kwa Mdomo

Mwika, jioni, kesho unaondoka

Aikaruwa binti yangu,

Umekwenda kwa shangazi zako kuaga, na ninavyowajua hawatakuachia mapema. Kila nyumba itataka ule. Nimeona nitumie nafasi hii. Ya sanduku, ya blanketi, ya kuchemsha maji na ya kutokaa dirishani kwenye basi, mama yako ameshayasema, na asubuhi atayarudia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuandikia jambo ambalo miaka yote hii nimeshindwa kukuambia tukiwa tumekaa wote jikoni. Ndani yake kuna mtu ninayemheshimu kuliko wote niliofanya nao kazi. Na ndani yake nimo mimi, na humo sina sifa nzuri.

Barua yako ya ajira inasema utakuwa karani wa mambo ya wakimbizi huko Karagwe. Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Kuna mstari unaosema utashughulikia hati za kupokea na kuhamisha watu. Ulipousoma kwa sauti pale mezani, mama yako alipiga vigelegele. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Unajua nilikuwa dresa wa gereza. Mlipokuwa wadogo mlipigania kulivaa koti langu jeupe, na sikuwahi kuwaeleza lilifanya kazi gani. Gereza lenyewe lilikuwa dogo, la shamba, huko chini tambarare kwenye joto na vumbi. Nilifunga vidonda, niligawa klorokwini, nilipiga sindano. Na kulikuwa na kazi nyingine ndogo, ya dakika moja tu: kusaini cheti kwamba mtu ana afya ya kusafiri. Pale kwetu hakuna aliyetolewa kupelekwa kokote bila cheti changu.

Mwaka wa vita na Uganda tuliletewa watu ambao hawakuwa wafungwa. Hawakuhukumiwa na hakimu wala hawakuwa na kesi. Walikuwa wageni, wengi wao Waganda waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Moshi na Arusha, na mtu fulani mahali fulani aliwatilia shaka. Waliwekwa kizuizini kwa amri ya Rais, maana sheria ilimpa uwezo huo, na wakati wa vita hakuna aliyeshangaa. Amri ya namna hiyohiyo ingeweza pia kumtoa mtu nchini na kumkabidhi kwa nchi nyingine. Karatasi moja inamweka, karatasi moja inamwondoa. Sikulifikiria sana jambo hilo. Vijana wetu wa hapa Mwika walikuwa mstari wa mbele, na mama yako alikuwa akikesha kanisani na akina mama wenzake kuwaombea.

Nikuambie ukweli wa moyo wangu wa wakati ule. Enzi za mkoloni nilianza kazi nikiwa kijana, na kila amri niliyopewa niliihoji kimoyomoyo. Uhuru ulipokuja niliacha kuhoji. Serikali ilikuwa yetu. Nilikuwa nimecheza ngoma usiku kucha kwa ajili yake, nimebeba mawe ya shule kwa ajili yake. Kuiuliza niliona ni kama kumuuliza baba yangu mzazi kama kweli ana haki ya kukaa kwenye kiti chake.

Mkuu wa gereza letu, ambaye sote tulimwita bwana jela, alikuwa Afande Njiku, Mnyaturu wa Singida, mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, tayari ni askari, na mpaka siku anastaafu alisoma kwa kuweka kidole chini ya kila neno. Askari vijana walimcheka pembeni. Barua ya nusu ukurasa ilimchukua robo saa. Lakini akishaisoma, ameisoma.

Miezi michache baada ya vita kuanza, Afande alipata msiba wa baba yake akaenda Singida. Alimwachia ofisi msaidizi wake. Wiki hiyohiyo wakaja watu wawili na Landrover, kutoka ofisi ambayo hawakuitaja vizuri. Walimfuata mwalimu mmoja wa hesabu aliyeitwa Kasaija. Msaidizi akaja zahanati mbio, ameshika cheti kitupu.

"Dresa, saini hapa. Gari linasubiri."

"Anakwenda wapi?"

"Anarudishwa kwao. Amri imetoka juu."

Kasaija alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefungwa. Alikuwa na homa, hilo hata asiye dresa angeliona, maana alitetemeka kwenye jua la saa saba. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Daktari, mimi siwezi kwenda kule. Tafadhali nisikilize."

Mimi si daktari, na siku nyingine ningemsahihisha kwa kucheka. Siku ile nilimwambia, "Mimi naangalia miguu, siangalii safari." Kisha nikasaini. Nilisaini nimekaa. Sikuinuka kitini, Aikaruwa. Niliandika kwamba nimempima na ni mzima, na wakati naandika alikuwa hatua nne kutoka nilipo.

Wakampandisha garini. Nikaendelea kuhesabu vidonge.

Afande Njiku aliporudi alilisoma daftari la waliotoka, kidole chini ya kila neno, akafika kwa Kasaija. Akaomba kuiona amri. Msaidizi akasema ilikuja kwa simu. Afande hakumgombeza mbele ya watu. Alikuja zahanati, akasimama mahali palepale aliposimama yule mwalimu.

"Ulimpima?"

"Hapana, Afande."

"Alisema chochote?"

"Alisema hawezi kwenda."

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia nilivyomjibu. Akaitazama sakafu pale alipokuwa amesimama yule mwalimu.

"Basi angalau ungeiangalia hiyo miguu," akasema, akaondoka.

Aliandika barua kuuliza Kasaija amepelekwa wapi na kwa idhini ya nani. Aliandika ya pili, na ya tatu. Nilizipeleka posta mwenyewe. Hakuna iliyojibiwa.

Haukupita muda mrefu, Landrover ileile ikarudi. Safari hii walimtaka mtu aliyeitwa Obura, fundi wa cherehani. Obura zamani alikuwa fundi wa magari katika jeshi la kwao. Aliona watu wakiuawa kambini, akawaona na waliowaua, akakimbia, akaja Moshi. Miaka saba alikuwa akitengeneza cherehani katika duka la mama mmoja wa Kiismailia pale mjini, na hata baada ya kukamatwa mama yule alikuwa akimletea chapati kila Ijumaa na kukaa nje ya geti kwenye gari lake mpaka aambiwe zimefika. Obura alikamatwa kwa sababu aliwahi kuwa mwanajeshi wa adui. Sasa kulikuwa na mtu aliyemtaka kwa sababu ya yale aliyoyaona.

Nilikuwa ofisini kwa Afande nikimpa taarifa ya dawa wakati wale watu wanaingia. Aliyezungumza alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu. Alimwamkia Afande shikamoo kabla hajakaa, nami nilimpenda kwa hilo.

"Tumemfuata Obura, Afande. Saa kumi anatakiwa Holili. Wenzetu wa Kenya watakuwa getini mpakani kumpokea, kisha wao watamfikisha kwao Uganda."

"Mpaka umefungwa," Afande akasema. Na kweli mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu kabla ya vita, hata wanawake wetu wa ndizi walikuwa hawavuki.

"Kwa hili utafunguliwa."

"Nipe karatasi niisome."

"Amri imetoka juu, kwa simu. Ni wakati wa vita, mzee wangu. Karatasi zitafuata."

Afande akakitazama kidole chake, kama mtu aliyekosa pa kukiweka.

"Huyu mtu aliletwa hapa kwa amri yenye sahihi ya Rais," akasema. "Ninayo kabatini. Sheria inavyosema, na mimi nimeisoma polepole, anaondoka nchini kwa amri ya namna hiyohiyo. Haisemi kwa simu."

"Unampinga Rais?"

"Sijampinga. Nataka kumsikia. Wewe si yeye, na mimi si yeye. Uwezo wa kumtwaa mtu na kumtia mikononi mwa nchi nyingine ni mkubwa sana. Amepewa mtu mmoja, kwa sababu ya vita, na mimi nauheshimu. Ndiyo maana siwezi kukupa wewe uende nao Holili kwa gari. Kuku hasafirishwi bila kibali siku hizi. Binadamu hasafirishwi kwa mdomo."

Yule kijana akatoa kalamu. "Nitaandika jina lako, mzee."

"Liandike," Afande akasema, kisha akamtajia herufi moja moja, taratibu, bila kejeli, kama mtu anayetaka tu liandikwe sawasawa.

Wakatoka wakakaa ndani ya gari lao, nje ya geti. Afande akazungusha simu akaomba laini ya makao makuu. Siku zile laini ya Dar ungeweza kuisubiri mpaka chai ikapoa mara tatu. Hapo mimi nikaona nafasi yangu ya kulipia kosa. Nikafunga mlango.

"Afande, niachie mimi. Nitaandika ana homa ya matumbo. Ni ugonjwa wa kuambukiza, hatoki mtu hapa mwezi mzima."

Nilidhani atanishukuru. Akaniuliza, "Anayo?"

"Hana. Lakini nani atajua?"

"Nenda kampime," akasema. "Uandike ulichokiona. Usiniandikie uongo wa kunisaidia."

Nilikwenda nimekasirika. Nilijiambia mzee huyu anapenda karatasi kuliko watu. Nikampima Obura kama sikuwahi kumpima mtu maishani mwangu: moyo, mapafu, tumbo, macho, kila kidole cha mguu. Alikuwa anajua gari liko nje. Nilipokuwa nimeweka sikio kifuani mwake akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, andika naumwa. Hao wakinichukua sitafika hata nyumbani kuzikwa."

Nikamwambia, "Bwana jela amekataa niseme uongo."

"Basi amenitoa," akasema. Akavaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

Nimefunga vidonda vibaya sana, mwanangu, lakini sijawahi kuandika neno zito kama lile neno "mzima". Niliandika, nikasaini, nimesimama. Nikakipeleka cheti. Yule kijana alikuwa amerudi ofisini. Akakichukua mezani kabla ya Afande, akakisoma, uso ukamng'aa.

"Haya, dresa wako mwenyewe amesema ni mzima. Tatizo liko wapi tena?"

"Ni mzima," Afande akasema. "Kwa hiyo mimi sina kisingizio, na wewe huna amri. Tumebaki hapo."

Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa ilinichukua miaka kulielewa lote. Kama ningeandika homa ya matumbo wangeleta daktari wao, na kwa saa moja angemponya. Wangetukuta waongo wawili, na mwongo hana nguvu ya kumdai mwingine ukweli. Afande alikataa kujificha nyuma yangu. Alibaki na kitu kimoja tu cha kusimamia, nacho kilikuwa cha kweli, basi hapakuwa na pa kumsukumia.

Walikaa nje siku mbili. Afande aliwapelekea chai, na adhuhuri mtori kutoka jikoni kwetu, kwa sababu alisema nao wametumwa. Yeye mwenyewe alihamishia kiti chake kwenye korido ya mahabusu, funguo mfukoni, akawa anakula palepale. Simu ilipopatikana aliongea maneno yaleyale, hakuongeza wala kupunguza: amri ipo au haipo, kama ipo iletwe, atatekeleza siku hiyohiyo. Nilimsikia mtu wa makao makuu akipaza sauti. Afande alisubiri amalize, akayarudia tena tangu mwanzo.

Siku ya tatu asubuhi ikaja telegramu. Aliisoma kwa kidole, muda mrefu kuliko maneno yake, kisha akanipa. Ilisema hakuna amri kama hiyo na mtu huyo abaki alipo.

Wale watu waliondoka bila kuaga. Hatukuwahi kuambiwa nani hasa aliwatuma. Afande hakusema neno la ushindi. Alikwenda nyuma ya ofisi kupalilia mihogo yake, na kwa mbali niliona anakata mihogo pamoja na magugu. Mpaka siku ile sikuwa nimejua kwamba alikuwa akiogopa.

Obura alikaa nasi mpaka vita vikaisha, akaachiwa, akarudi kwao kwa miguu yake. Nilimwomba amtafute Kasaija. Aliniandikia mara moja tu. Alisema pale alipokuwa akifundisha zamani hakuna aliyemwona, na mke wake alikwishahama. Barua hiyo iko ndani ya Biblia yangu. Ulipata kuniuliza ni ya nani, nikakujibu ni ya rafiki.

Afande Njiku hakufukuzwa. Walimhamishia gereza moja la mbali, na cheo chake kikabaki palepale mpaka anastaafu. Sikumwaga vizuri. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikasema safari njema.

Mwaka juzi nilipompeleka mjomba wako Singida, nilimtafuta. Nilimkuta nyumbani kwake anapukuchua mahindi, mkewe yuko jikoni. Tulizungumza habari za mvua, za watoto, kisha nikamwambia lile nililolibeba. Nilimwambia kwamba katika maisha yangu nimeona mtu mmoja tu aliyesimama, na ni yeye.

Hakufurahi kama nilivyotegemea.

"Wewe ulikuwepo siku moja," akasema. "Baada ya pale, huko waliponihamishia, waliwahi kuja na karatasi. Zilikuwa na sahihi. Nilizisoma, zilikuwa sawa. Niliwatoa."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Sheria ilikuwa upande wangu kila mara. Wengine walilia. Sijui walifika wapi."

Nilikuwa nimekuja kumsifu mtu asiye na doa, na aliyekaa mbele yangu alikuwa amefanya kazi ileile niliyoifanya mimi, mara kumi na moja, tofauti ni kwamba yeye aliinuka kitini.

"Niliwauliza wote majina yao kamili," akasema, "na ya wazazi wao, na kijiji. Ili mtu akija kuuliza, pawe na wa kumjibu."

"Amewahi kuja mtu?"

"Bado."

Akaanza kuwataja. Hakuwa na daftari. Aliwataja huku anapukuchua, jina, jina la baba, jina la mama, kijiji, kisha gunzi linatupwa pembeni na anashika lingine. Alipofika wa saba akakwama. Akafumba macho, akarudi kwa wa sita, akakwama tena. Mikono ikasimama.

Mkewe alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka wala hakuacha mwiko wake. Akalitaja jina la yule mtu, na la mama yake, na la kijiji chao, na Afande akaitikia kwa kichwa, akaendelea na wa nane.

Binti yangu, nenda salama. Sahihi yako ni nzuri, nimeiona kwenye fomu. Ni bora kuliko yangu.

Mimi baba yako.